Kona ya Kizungu: "Station" Sio Treni Tu Jamani

Wasomaji wangu wa Kigoma, Tabora na kokote mnakolisomea jarida hili, habari za siku. Maswali ya mwezi huu yamegongana kwenye neno moja, "station", mmoja kaandika toka Kasulu, mwingine Gungu, mwingine Tabora mjini, na kwa kuwa yanaingiliana nimeyaweka yote humu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine maana ukishalielewa hilo mengine yanajijibu nusu.

SWALI: Dada wa Kona shikamoo. Mi nimepata kazi kwenye shirika moja linalohudumia wakimbizi huku Kasulu, siku ya kwanza nikapewa fomu ina sehemu imeandikwa "Duty Station", mi nikawaza hapa wanataka kujua nashukia wapi nikija kazini maana kwetu ni Tabora, nikaandika Kigoma Railway Station alafu mbele nikaongeza "then by bus". Dada wa ofisini alivyosoma alicheka mpaka akatoka nje, aliporudi akanambia tu futa uandike Nyarugusu. Sasa Nyarugusu na station wapi na wapi? Huko si hata reli haipiti. — Mgeni wa Kasulu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kazi, na huyo dada mwambie apunguze kucheka watu maana ulivyosoma wewe wangesoma hivyo wengi tu.

Tatizo limeanzia kwetu. Tulivyolichukua hili neno tukalifanya "stesheni" tukalipa kazi moja, reli, basi. Ukimwambia mtu wa Kigoma "nikute stesheni" hakuulizi stesheni ya nini, anajua ni pale mjini chini kwenye lile jengo la Mjerumani. Wenye lugha yao hawajalifunga hivyo. Kwao "station" ni mahali palipotengwa ili mtu, kikosi au mashine ikae ifanye kazi fulani, na treni ni kazi mojawapo tu wala haikuwa ya kwanza. Mzizi wake ni Kilatini, "stare", kusimama, na Warumi walikuwa wanaita "statio" pale askari anapowekwa kulinda, yaani lindo. Reli ya Liverpool na Manchester imefunguliwa mwaka 1830 na neno lilikuwa lishazeeka kitambo, reli ndo ilikuja ikaliazima.

Kwa hiyo ukikutana na "station" usikimbilie treni, angalia neno lililotangulia ndo litakwambia hapo panafanyika nini. "Police station" unajua, "fire station" ni zimamoto, "polling station" ni pa kupigia kura, "weather station" pa kupimia mvua na upepo, "power station" panapofuliwa umeme, "radio station" ni redio, na "space station" ni ile iliyoko huko juu angani ambayo wanasayansi wanaishi humo kwa kupokezana tangu mwaka 2000. Sasa "duty" ni kazi, wajibu, kwa hiyo "duty station" ni kituo chako cha kazi, pale ulipopangiwa. Walimu na manesi wanalipata kwa Kiswahili kila wanapoajiriwa, "ripoti kituo chako cha kazi", ni kitu kilekile. Haijalishi unalala wapi wala kwenu wapi wala umefika na nini, umepangiwa kambi ya Nyarugusu basi hiyo ndo duty station yako hata kama wikiendi zote unashinda Kasulu mjini.

Na kwa kuwa uko kwenye hizo kazi utalisikia sana, ngoja nikuongezee. Umoja wa Mataifa wana utaratibu wa kuvipa vituo vyao vya kazi herufi kufuatana na ugumu wa maisha, kuna H ambayo ni makao makuu na sehemu zinazofanana nayo, alafu A mpaka E, ukiwa A maisha nafuu, ukiwa E ujue pagumu hasa, na posho inafuata ugumu. Ndo maana utasikia wenzako wanabishana kuhusu herufi ya kituo kana kwamba ni matokeo ya mtihani.

Kuna pia kitenzi, "to be stationed". "I am stationed in Kasulu" ni Kiingereza safi ila kina harufu ya jeshi jeshi, kinamfaa askari au mtu aliyepelekwa kwa amri. Wewe ukijitambulisha sema "I'm based in Kasulu", inakaa vizuri zaidi mdomoni. Na ukiwa msomaji wa vitabu vya zamani utakutana na "station" nyingine kabisa, ngazi ya mtu katika jamii, kwamba fulani kaolewa juu ya "station" yake, maana yake kaolewa na watu waliowazidi kwao. Siku hizi hiyo watu wanaitumia kwa kejeli.

Mi nakwambia ukweli, kwa hii maana pana Kiswahili hakijapungukiwa kitu. "Kituo" kinatoka kwenye kutua, mtu akifika anatua mzigo. Nyie wa Tabora mnapaswa kulijua hili kuliko wote, maana karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapita Unyanyembe, yaani hapohapo Tabora, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, pale watu walitua kweli kweli, wengine wakakaa miezi. Kwa hiyo Mzungu amelianzia kwenye kusimama, sisi tumelianzia kwenye kupumzisha mabega, mwisho wa siku tumekutana. Ukitafsiri fomu weka "kituo", ukibakiza "stesheni" ndo utaleta vichekesho.

SWALI: Dada mambo vipi, mi bodaboda wa Gungu. Tunabeba wageni sana wa Gombe na wengine wanashuka na basi, sasa kuna mmoja alinambia "bus stop" nikampeleka stendi ya Masanga akanuna, mwingine kasema "bus station" nikamshusha barabarani naye akanuna. Alafu Wakongo nao wana yao, mmoja kasema "station" nikampeleka reli kumbe anataka kingine kabisa. Na kuna mzungu kaniuliza "feeding station" ya Gombe iko wapi, nikadhani anatafuta hoteli. Nisaidie nisiendelee kugombana na wateja. — Boda wa Gungu

JIBU: Poa kaka, pole. Twende mojamoja.

"Bus stop" ni pale basi au daladala inaposimama dakika moja inapakia inashusha inaondoka, hata kama ni chini ya mwembe na hakuna kibao. "Bus station" ni pakubwa, mabasi yanaanzia hapo na kuishia hapo, kuna tiketi, wapiga debe, mama lishe, wenye mabegi wamelala. Masanga ni "bus station". Sisi tunapaita stendi kutoka "bus stand", nalo ni neno halali, Wahindi wanalitumia sana, ila Muingereza kutoka kwao huko hana mazoea nalo kwa basi. Wakenya wao wanasema steji, ambayo kwetu ni jukwaa la muziki, kwa hiyo Mkenya akikwambia mpeleke steji usianze kumuuliza nani anaimba leo. Na hapo kijiweni kwenu mnapopanga pikipiki, kama ingekuwa teksi Muingereza angepaita "taxi rank" na Mmarekani "taxi stand". Ukitaka kuwa salama muulize mgeni swali moja tu, "Big one or small one?", sio sarufi ya shule ila nauli utapata.

Huyo Mkongo hakukosea hata kidogo na hapa ndo nimekupenda kwa swali lako. Wanaovuka kutoka Kalemie shule wamesoma kwa Kifaransa, na kwenye Kifaransa pa treni panaitwa "gare", "station" wanaiweka kwenye treni za chini ya ardhi za mjini kama za Paris. Alafu pa kuweka mafuta ni "station-service", wanakata wanasema "station". Kwa hiyo alikuwa anataka sheli! Na sheli yenyewe tumeitoa kwenye jina la kampuni ya Shell, leo hata kituo kiwe cha kampuni gani sisi ni sheli tu. Muingereza atakwambia "petrol station", Mmarekani "gas station" na hiyo gesi yake sio ya kupikia, ni petroli hiyohiyo kaifupisha.

"Feeding station" sasa. Gombe, yule mtafiti wa sokwe Jane Goodall amefika mwaka 1960, na miaka michache baadae wakawa wanawawekea sokwe ndizi sehemu moja ili waje karibu waangaliwe vizuri. Hapo ndo palipoitwa "feeding station", kituo cha kulishia. Wageni wamesoma kwenye vitabu ndo maana wanataka wapaone. Wewe wala usihangaike, mpeleke Kibirizi kwenye boti, huko mbele atakutana na waongozaji wa hifadhi. Na ndizi zenyewe zilikuja kuleta ugomvi kati ya sokwe na nyani wakagombania, watafiti wakaanza kuzipunguza, kwa hiyo asitegemee kukuta mkungu unamsubiri.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mstaafu wa reli, Tabora. Bosi wangu wa zamani alikuwa mkali sana, alitufundisha tuseme "railway station" na ukisema "train station" anakurudisha nyuma kama mtoto wa darasa la tatu. Leo wajukuu zangu na hata hawa watangazaji wanasema "train station" na kwa Kiswahili wanasema "kituo cha treni". Nani amekosea? Na je hawa Wajerumani waliojenga hii reli nao waliita station? — Mstaafu, Tabora

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bosi wako alikuwa sahihi kwa zama zake, na wajukuu wako sahihi kwa zama zao, samahani kama nimekuudhi. "Railway station" ndo ya Waingereza wa zamani na mpaka leo India na kwetu ndo inayoandikwa kwenye karatasi za serikali. "Train station" ilishika zaidi Marekani, ikasambaa, sasa hivi hata London vijana wanaisema na hakuna anayewarudisha nyuma. Huko Marekani miji midogo walikuwa wanaita pia "depot", ambayo sisi tukisema dipo mawazo yanaenda kwenye kreti za soda na bia.

Kuhusu Wajerumani, hapana, wao pa treni wanapaita "Bahnhof". Wameanza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika kwenu Tabora 1912, na Kigoma 1914, mwaka uleule vita imeanza, kwa hiyo hawakuifaidi. "Station" na wao wanayo ila walikuwa wanaitumia kwa vituo vya jeshi na utawala, yale ambayo wazee wetu waliyaita boma. Tabora ilitekwa Septemba 1916, na waliotuteka huku magharibi sio Waingereza, ni Wabelgiji waliotokea Kongo, nao kwa Kifaransa chao ni "gare". Waingereza ndo wakaja kukabidhiwa nchi na reli yake, neno lao likabaki. Ukifikiria, mtu aliyekuwa kijana Tabora miaka hiyo jengo lilelile amelisikia kwa lugha tatu kabla hajazeeka, na wakati wote huo treni ni ileile na abiria ni walewale wamekaa chini wanasubiri.

"Kituo cha treni" halina kosa, ila nakubaliana na wewe mzee kwamba halina ladha. Tabora ni stesheni. Panapogawanyika njia, moja inashika Mwanza na nyingine inaendelea Kaliua, na pale Kaliua inagawanyika tena, huku Mpanda huku Kigoma, Mzungu anapaita "junction", wenyewe mlikuwa mnasema jangsheni na mi naona lirudi. Kigoma wao wana lao, mwisho wa reli, na hilo kwa Kiingereza ni "terminus", stesheni ambayo treni haina pengine pa kwenda. Wanaokuja na "terminal" waambie hiyo wamezoea kuipeleka kwenye ndege na mabasi. Hii reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2024 mpaka Dodoma, watu wengi ninaowasikia wanasema stesheni vilevile, kwa hiyo usikate tamaa, neno bado liko hai.

SWALI: Hi dada, me nasoma form four Tabora. Mwalimu kasema "I am at the station" na kitabu kimeandika "in the station", ipi sahihi? Pia kwenye mtihani nilikosa "stationery", nikaandika na a. Kuna uhusiano na station au ni majina tu yanafanana? — Mtahiniwa

JIBU: Zote sahihi ila hazisemi kitu kimoja. "At" inakuweka eneo, upo hapo stesheni, labda nje kwenye mihogo ya kukaanga, labda dirisha la tiketi, haijalishi. "In" inakuingiza ndani ya jengo au ndani ya mipaka yake. Kiswahili chako kinakusaidia sana hapa, "nipo stesheni" ni "at", "nimo stesheni" ni "in". Ukimpigia mtu simu akufuate, sema "at". Ukisema treni imeshaingia, "the train is in the station". Kushuka ni "get off at", usiseme "drop at" kama tunavyoambiana kwenye daladala. Na angalia kitu kingine, wenyewe wakisema tu "the station" bila kuongeza neno, wanategemea mazungumzo mlipofikia. Kama mnaongelea mwizi, "they took him to the station" ni polisi, hakuna aliyempandisha treni. Kama mtangazaji anasema anawahi "the station", anawahi redioni kwake.

Ya pili ndo nzuri. Uhusiano upo, na ni wa damu. Zamani Ulaya wauza vitabu wengi walikuwa wanatembeza kama wamachinga, ila kuna waliokuwa na banda la kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, hao wakaitwa "stationers", watu waliosimama sehemu moja. London walianzisha chama chao mwaka 1403 na mfalme na malkia wakakipa hati rasmi mwaka 1557. Walivyokuwa wanauza karatasi, wino na kalamu, bidhaa zao zikaitwa "stationery". Kwa hiyo pale unapotolea kopi za past paper, steshenari, ni ndugu kabisa na stesheni ya treni. "Stationary" yenye a ni kitu kilichosimama, hakisogei. Mimi naikumbuka hivi, envelope inaanza na e na inauzwa kwenye "stationery" yenye e. Sio njia ya kisomi lakini mtihani hauulizi umekumbukaje.

SWALI: Mwanangu naomba unisaidie, mdogo wangu wa mwisho yuko Australia, kapiga simu anasema amepata kazi "at a station, very far from town". Mama yetu hapa Ujiji kashawaambia majirani wote mwanae ni stesheni masta. Mi nikamuuliza treni zinapita ngapi kwa siku akasema dada hapa hakuna treni, simu ikakata. Sasa anafanya nini huko? — Mama wa Ujiji

JIBU: Mama yangu shikamoo. Anachunga! Au anaendesha matrekta, au anatengeneza fensi, au anapika, maana Australia "station" ni shamba kubwa la mifugo, ng'ombe au kondoo. Wanasema "cattle station" na "sheep station". Limetokea enzi za ukoloni, wafungwa na wachungaji walikuwa wanapangiwa vituo huko porini, jina likabaki likahamia kwenye shamba lote.

Na ukisikia shamba usifikirie ya huku kwetu. Lile kubwa kuliko yote, Anna Creek, liko jimbo la South Australia, lina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yaani ni theluthi ya mkoa mzima wa Kigoma ukihesabu na sehemu yake ya ziwa, na ni la ng'ombe tu. Sehemu nyingine wanaswaga kwa pikipiki na helikopta. Kwa hiyo aliposema mbali na mjini hakutania, na simu kukatika ni kawaida kabisa, msianze kuitisha maombi.

Kuhusu bibi na majirani, hapo sina dawa. Ila akitaka cheo cha kuwatangazia, anayesimamia shamba la hivyo anaitwa "station manager", kijana akifika hapo siku moja bibi atakuwa hajakosea sana. Kwa sasa akipiga tena muulizeni kwanza ng'ombe wangapi, alafu muulizeni kama chakula na malazi wanampa bure au wanamkata kwenye mshahara, maana kwenye mashamba ya mbali hilo huwa sehemu ya mkataba na vijana wengi wanasaini bila kusoma.